Mdukuzi na kibali chake

Magazetini mwetu "mdukuzi" ni jambazi tu: kaingia kwenye akaunti ya mtu, kakomba fedha, katoweka. Neno limebanwa mno. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaalika wadukuzi wazipekue tovuti zake za umma kwa malipo. Kasoro 138 zilithibitishwa. Hao nao tuwaite wezi?

Tazama kazi yenyewe. Akiwa na kibali cha mwenye mfumo, mtafiti anaandika alama moja tu ya kunukuu kwenye kisanduku cha jina, kisha anabofya. Ukurasa ukitema ujumbe wa kosa kutoka kwenye hifadhidata, huenda kuna upenyo. Hachukui kitu. Anaandika ripoti, anaipeleka, anasubiri. Kikosi cha Project Zero cha Google, kilichotangazwa mwaka 2014, kwa kawaida huwapa wenye programu siku 90 za kurekebisha. Subira hiyo naiheshimu sana.

Wapo wanaosema "mdukuzi mwema". Kivumishi hicho sikipendi: wema hauthibitishiki, kibali huandikwa. Mwandishi wa habari anayemtaja mdukuzi atuambie pia kama aliruhusiwa, na nani.