Kicheche wa Nyanda za Juu Kusini

Mnyama huyu mweusi mwenye michirizi minne myeupe mgongoni ni kicheche. Huishi nyikani na kandokando ya mashamba, na huwinda usiku, mara nyingi peke yake. Akitishwa, huinua mkia na kurusha majimaji yenye harufu kali.

Ndugu zake
Jamii yake ina nyegere, fisi maji na fereti, aliyefugwa Ulaya tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ili kuwatimua sungura mashimoni. Miaka ya 1880, Nyuzilandi iliachia maelfu ya fereti wapunguze sungura waliomaliza malisho. Sungura hawakuisha. Walioumia ni ndege wasioruka, kama kiwi, ambao asili yao haikujua mnyama mwindaji wa nchi kavu.

Kwa nini tumlinde
Tofauti na fereti waliopelekwa Nyuzilandi, hapa Mbeya na Iringa kicheche ni mwenyeji. Ni kweli, huvamia mabanda ya kuku. Lakini hula pia wadudu, mabuu na panya, waharibifu wa mahindi yetu. Tufunge mabanda vizuri jioni, naye tumwache shambani aendelee kuwinda.