Mia Tatu kwa Inchi: Historia Fupi ya Picha Inayokwenda Karatasini

Mwaka jana ukoo wetu ulinipa kazi ya kutengeneza kijitabu cha kumbukumbu ya babu. Nilichaguliwa kwa sababu nasoma historia na Kiswahili, na pia kwa sababu nina tarakilishi. Babu alikuwa fundi katika bwawa la Owen Falls mjini Jinja, lile lililofunguliwa mwaka 1954. Picha tuliyoitegemea ilimwonyesha yeye na wenzake sita wamesimama mbele ya mtambo, nyuso zao zikielekea kamera. Picha yenyewe ya karatasi ililiwa na mchwa. Kilichobaki ni nakala ambayo shangazi alikuwa ameipiga kwa simu na kuituma katika kundi la ukoo. Simu hiyo nayo iliibwa, kwa hiyo ile nakala iliyopunguzwa ili isafiri upesi ndiyo ikawa picha pekee tuliyo nayo.

Niliichukua hadi Nasser Road, Kampala, mtaa ambao kila mlango ni wa mchapaji. Kijana aliyenipokea aliifungua faili, akatikisa kichwa. "Nnyabo, hii haitoshi. Niletee ya mia tatu." Nilirudi hosteli, nikafungua programu ya picha, nikakuta kisanduku kilichoandikwa 72. Nikafuta, nikaandika 300, nikahifadhi. Faili iliyokuwa na kilobaiti 60 ikawa na megabaiti kadhaa, nami nikalala kwa furaha. Kesho yake yule kijana aliikuza picha kwenye kioo chake, akacheka kwa upole. "Umeivimbisha, nnyabo. Hukuilisha."

Insha hii imetokana na aibu ile. Nilijiuliza: hii mia tatu imetoka wapi, na kwa nini kuiandika tu hakukunisaidia? Hoja yangu ni kwamba nambari hii si sheria ya tarakilishi. Ni urithi wa wachapaji wa karne ya kumi na tisa, na anayejua ilikotoka anajua pia lini aitii na lini aipunguze.

Tuanze na shida ya mchapaji. Mtambo wake hauna kijivu. Una wino mweusi na karatasi nyeupe: hapa wino uguse, pale usiguse. Picha ya kamera kwa upande wake imejaa vijivu vya kila namna, na hasa uso wa mtu ni vijivu vitupu. Kwa muda mrefu njia ya kuiingiza picha kitabuni ilikuwa kuichonga upya kwa mkono. Sisi wa Uganda tuna mfano wetu. Henry Morton Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1875 alimpiga picha pamoja na wakuu wake. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1878, wasomaji hawakuonyeshwa picha ile, bali mchoro uliochongwa kwa kuifuatisha. Sura ya Kabaka iliyoenea duniani ilikuwa imepita kwanza katika mkono wa mchongaji.

Ufumbuzi ulikuwa kuivunja picha iwe nukta. Mwaka 1852 Mwingereza William Henry Fox Talbot alipata hataza ya njia ya kuchonga picha kwa mwanga, akitumia kitambaa chepesi chenye matundu kuzigawa sehemu za kijivu. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya mtaa wa vibanda kwa njia ya nukta, kazi inayohusishwa na Stephen Horgan. Mwaka 1882 Georg Meisenbach wa Munich alipata hataza yake Ujerumani. Miaka ya 1890 ilipoanza, ndugu wawili wa Philadelphia, Louis na Max Levy, walikuwa wakitengeneza nyavu za kioo: vioo viwili vilivyochorwa mistari myembamba na kugandishwa pamoja ili mistari ikatane. Mwanga uliopita kwenye wavu huo uliacha nukta kubwa mahali penye giza na nukta ndogo mahali peupe. Jicho, likitazama kwa mbali kidogo, lilichanganya nukta na weupe wa karatasi, likaona kijivu. Chukua gazeti lolote na kioo cha kukuzia, utaziona nukta hizo hadi leo.

Sasa, wavu uwe na mistari mingapi? Hapo karatasi ndiyo iliyoamua. Karatasi ya gazeti hunywa wino, nukta hutanuka na kugusana, kwa hiyo wachapaji wa magazeti walizoea wavu wa mistari kama 85 kwa inchi. Karatasi laini ya jarida au kitabu huivumilia mistari 133 au 150. Tarakilishi zilipoingia kazini, kilichobaki kilikuwa hesabu ya mchapaji. Ili kila nukta ya wino ipate habari ya kutosha, na hasa kwa kuwa mistari ya wavu hulazwa mshazari, ipewe pikseli mbili kwa upana na mbili kwa urefu. Mia na hamsini mara mbili ni mia tatu. Kwa gazeti, 85 mara mbili ni 170. Huo ndio ukoo wa nambari aliyonidai kijana wa Nasser Road. Jicho nalo linaiunga mkono: mtu mwenye macho mazima akishika karatasi umbali wa sentimita 30, hatenganishi vizuri nukta zinazozidi takriban 290 kwa inchi. Bango la barabarani linalotazamwa kutoka ng'ambo ya pili halihitaji hata nusu ya hizo.

Na ile 72 niliyoifuta? Nayo ina historia yake, lakini haitokani na picha. Wachapaji hupima ukubwa wa herufi kwa pointi, na lugha ya PostScript ya mwaka 1984 iliigawa inchi moja katika pointi 72 kamili. Kioo cha Macintosh ya mwaka huohuo kilikuwa na pikseli 72 kwa inchi, ili kinachoonekana kiooni kilingane na kitakachotoka karatasini. Kwa hiyo nambari iliyo katika kisanduku kile ni maelekezo tu: inasema pikseli zilizopo zitandazwe kwa upana gani. Haisemi zipo ngapi.

Idadi ndiyo jambo la msingi, na ndiyo niliyoipuuza. Mwaka 1957, katika taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza picha katika tarakilishi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa picha ya mwanawe mchanga, nayo ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Mtoto yule anatambulika, ila ukimchapa kwa mia tatu kwa inchi atapata sentimita moja na nusu tu. Picha ya babu ilikuwa na pikseli 640 kwa 480. Tulitaka ijaze kurasa mbili za katikati, yaani upana wa sentimita 29.7, ambao kwa mia tatu unahitaji pikseli 3,508. Zetu 640, zikitandazwa hapo, zinabaki kama 55 kwa inchi. Kwa mia tatu kamili, picha ingekuwa na upana wa sentimita 5.4, karibu sawa na kiberiti. Nilipoilazimisha programu, ilibuni pikseli zaidi ya elfu mbili na mia nane kwa kila mstari kwa kupima wastani wa jirani zake. Ukubwa wa faili uliongezeka, lakini hakuna jambo jipya lililoongezwa kuhusu babu.

Tena kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana katika hesabu ya pikseli. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao walichapisha mbinu ya hisabati inayoweza kuieleza picha kama mchanganyiko wa mawimbi. Juu ya mbinu hiyo kilijengwa kiwango cha JPEG cha mwaka 1992. JPEG huikata picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa ndani ya kila kigae yale mabadiliko madogo ambayo jicho halitayakosa upesi. Picha yetu bila kubanwa ingekuwa na kama kilobaiti 920. Tulikuwa na 60. Kwa picha kubwa hasara hiyo ni ndogo. Lakini nilipopima uso wa mmoja wa wale waliosimama nyuma, ulikuwa na upana wa pikseli 24. Vigae vitatu. Macho, pua na mdomo wa mtu mzima viliandikwa katika upana wa vigae vitatu, kisha sehemu ya maandishi hayo ikatupwa ili ujumbe ufike haraka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapo nilimkumbuka Mutesa na mchongaji. Mwanahistoria anayetazama mchoro ule huuliza mkono wa nani ulipita hapa. Nasi tunapaswa kuuliza vivyo hivyo kuhusu faili: nani aliipunguza, lini, na kwa ajili gani. Shangazi hakukosea, alitaka ndugu wa mbali waione picha jioni ileile. Kosa letu sote lilikuwa kuifanya nakala ya barua kuwa ndiyo kumbukumbu.

Kijana wa Nasser Road ndiye aliyetuokoa. Alipendekeza tuichape kwa upana wa sentimita 10, mahali ambapo pikseli zetu zinafika kama 163 kwa inchi, yaani karibu na kiwango cha gazeti. Tuliacha pembezoni nyeupe kubwa, nayo ikatulia vizuri kuliko nilivyotarajia. Niliitoa kutoka nakala ya kwanza, si ile niliyoivimbisha.

Tangu siku hiyo nina desturi mbili. Picha ya zamani ya sentimita 10 kwa 15 naiskani kwa pikseli 600 kwa inchi, ambazo hunipa takriban 2,360 kwa 3,540, kiasi cha kuichapa mara mbili ya ukubwa wake bila kupungua. Kisha naihifadhi kama TIFF, ambayo haitupi kitu, na kutoka humo natoa JPEG ndogo ya kutuma. Ile kubwa siigusi. Faili moja hufika kama megabaiti 25, na wapo wanaonicheka kwa kujaza diski. Wenzangu mnaokwenda likizo vijijini, mkikuta albamu kabatini, fanyeni hivyo kabla ya mchwa.

Kijitabu kilipotoka nilimpelekea shangazi nakala ya kwanza. Aliivuta karibu, akaisogeza mbali, akavaa miwani. Aliwatambua babu na wenzake watatu, nami nikaandika majina yao chini ya picha kwa ajili ya toleo la pili. Kwa wale watatu wa nyuma aliniambia, "Nilikuwa nawajua, mwanangu. Lakini hapa siwaoni." Kwao tuliandika: hawajulikani.