Mvua ya Agosti Katika Flint Creek

Kaskazini mwa jimbo la Alabama, nchini Marekani, kuna mto mdogo uitwao Flint Creek, upitao kati ya mashamba kwa mwendo wa maili 50 hivi kabla ya kuingia katika ziwa la Wheeler. Mwaka 1950 nchi hiyo ilikuwa nchi ya pamba, na adui wa pamba alikuwa fukusi, mdudu mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hutoboa vitumba na kutaga mayai ndani yake. Fukusi huyu alivuka kutoka Mexico na kuingia Texas yapata mwaka 1892, akaenea jimbo baada ya jimbo, akiwafilisi watu. Walakini wenyeji wa Enterprise, mji mwingine wa Alabama, walimjengea mnara mwaka 1919, kwa kuwa ndiye aliyewalazimisha kuacha pamba na kupanda karanga zilizowatajirisha. Ni nadra mdudu kupata heshima ya namna hiyo.

Wakulima wa Flint Creek hawakuwa na sababu ya kumheshimu. Baridi ya miaka iliyotangulia ilikuwa hafifu, haikuwaua fukusi kama ilivyo desturi, hata msimu wa 1950 ulipofika wakawa wengi mno. Mabwana shamba wakawahimiza watu watumie dawa mpya, nao wakakubali, karibu wote. Iliyopendwa kuliko zote ni toksafini, dawa iliyotengenezwa kwa kuunganisha klorini na mafuta yatokanayo na misonobari.

Kiangazi kile kilikuwa cha mvua nyingi, na hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Mvua iliponyesha iliosha dawa majanini. Mkulima, alipoona pamba yake haina dawa na fukusi wangali hai, alitia tena. Mvua ikarudi, naye akarudia. Kwa wastani kila ekari ilipata ratili 63 za dawa mwaka ule, na wako waliotia ratili 200. Dawa ya kwanza ilikwenda wapi? Jibu lilitoka mtoni.

Tarehe 1 Agosti ilinyesha mvua kubwa, na maji yakatiririka kutoka makondeni hata mto ukapanda inchi sita. Asubuhi yake samaki walionekana wakizunguka juu ya maji kama waliopotewa na njia. Wengine walijirusha ukingoni. Mkulima mmoja aliwaokota wachache, akawatia katika kidimbwi cha maji ya chemchemi, na hao wakapona. Wenzao walielea mizoga mchana kutwa, bila dalili ya ugonjwa, ila matamvua yao yalikuwa na wekundu mzito kama wa mvinyo. Mvua ya tarehe 10 iliua wengi zaidi, hata ilipofika ile ya tarehe 15 hawakusalia wengi wa kuuawa. Wachunguzi wakatumbukiza mtoni samaki wa kufugwa, wakiwa ndani ya vizimba. Kabla ya siku kwisha walikuwa wamekufa. Vijito 15 vya mto Tennessee vilipatwa na msiba huo majira yale. Kwa maoni yangu, jaribio lililo bora kuliko yote lilifanywa na yule mkulima wa kidimbwi, pasipo kukusudia: samaki ni wale wale, maji ni mengine, na uhai ukarudi.

Toksafini hushikamana na udongo wala haiozi upesi. Mvua ibebapo udongo huibeba nayo. Wadudu waishio chini ya mawe ya mtoni, ambao ndio chakula cha samaki, nao ni wadudu kama fukusi, na sumu haichagui yupi alaye pamba. Kwa samaki wenyewe ni kali sana, hata katika miaka ya 1950 mabwana samaki wa Marekani na Kanada waliimwaga makusudi ziwani ili kuangamiza samaki wasiotakiwa. Maziwa mengine yalikaa na sumu kwa miaka. Uchunguzi ulioanza mwaka 1959 uliikuta katika Flint Creek kwa mwaka mzima, hata katika maji ya kunywa yaliyokwisha safishwa.

Wafugaji wa Kenya nao waliijua dawa hii, kwani ilitiwa majoshoni kuua kupe. Marekani ilikataza sehemu kubwa ya matumizi yake mwaka 1982, na yaliyobaki mwaka 1990. Kisha Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaihesabu miongoni mwa sumu 12 za kwanza kupigwa marufuku.

Mwendo wa mvua, hata hivyo, ni ule ule. Dawa nyingi za leo huoza upesi zaidi, lakini baadhi yake, kama zile zilizoundwa viwandani kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, huua viumbe wa majini kwa kiasi kidogo kabisa. Mto Nzoia hupita kati ya mahindi na miwa. Samaki aitwaye ningu huupanda kutoka Ziwa Victoria wakati wa mvua ili azae. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zimekwisha kumpunguza sana tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wale waliosalia hupanda kwa maji ya mafuriko, katika majira ambayo mahindi yako shambani na dawa iko mikononi mwa mkulima; na mayai yao huyaacha penye nyasi zilizofunikwa na maji kando ya mto, mahali ambapo maji ya shambani hufika kwanza.