Waliofundishwa kazi wako wapi leo?

Ndugu zangu wenye lisansi, na wadogo zetu mlio bado chuoni, kuna hesabu moja ambayo hatujaizoea. Mradi wa mafunzo ya ufundi ukiisha, tunaambiwa ni vijana wangapi walifundishwa na ni wangapi walipewa breve. Lakini nani anarudi kisha miaka minne kuuliza: yule fundi iko wapi, anakula kwa kazi gani?

Tuanze nyuma. Wakati wa Wabelgiji, mafunzo yalifuata kazi. Kule Katanga, Union Minière ilikuwa na shule zake yenyewe, na ilifundisha watu iliowahitaji. Ubaya wake tunaujua: Mkongo alisomeshwa mpaka pale mkubwa alipotaka, njo maana tarehe 30 Juni 1960 nchi nzima ilipata uhuru na watu wasiofika 30 wenye diploma ya chuo kikuu. Wabelgiji wengi wakaondoka, nafasi zikabaki wazi. INPP ilizaliwa 1964 ili kutayarisha Wakongo kwa kazi hizo. Siku zile kazi ilikuwa inangoja mtu.

Kwetu Fizi mambo yaligeuka. Vita ya 1996 ilivusha watu wetu wengi ziwa Tanganyika kwenda Tanzania. Toka 2005, HCR ilianza kuwarudisha kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka. Miaka ileile CONADER ilikuwa inatoa wapiganaji katika jeshi na makundi ya silaha. Nchi nzima walipita elfu 100. Mafunzo mengi ya ufundi yalikuja kwa njia hizo mbili: kushona, useremala, sabuni, mekanike. Sasa mtu njo alikuwa anangoja kazi. Na ukifundisha washonaji ishirini katika kijiji kimoja, wenye kuleta vitambaa hawaongezeki kwa sababu hiyo.

Je, mafunzo hayo yalisaidia? Sisi wa agronomie tunajua namna ya kujibu swali kama hilo. Ukitaka kujua kama mbolea imefanya kazi, unaacha kipande kimoja cha shamba bila mbolea. Kipande hicho njo shahidi wako. Bila shahidi, mwaka wa mvua nzuri utasifu mbolea bure.

Jirani zetu wa Uganda walipata shahidi huyo kwa watu. Kaskazini mwa nchi, kisha vita ya LRA, serikali iliita vijana wajipange katika makundi, kila kundi liandike mradi wake na kuchagua ufundi wake. Makundi yaliyofaa yalikuwa 535, pesa haikutosha. Wakapiga kura: makundi 265 yakapewa, karibu dola 382 kwa kila mtu, mengine yakakosa. Wataalamu watatu wa uchumi, Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez, wakafuata pande zote mbili.

Kisha miaka minne, waliopewa walikuwa na mapato yanayozidi ya wenzao kwa 38%. Watafiti wakarudi tena kisha miaka tisa. Mapato yalikuwa yamekaribiana: waliokosa walijitafutia njia na kuwafikia, hata kama waliopewa walibaki na mali zaidi na wengi wao walishika ufundi.

Mimi ninaona mafundisho mawili. La kwanza: vijana walijichagulia kazi, na sehemu kubwa ya pesa ilienda kwenye vyombo na vifaa, si kwa mwalimu. Breve bila mashini ni karatasi. La pili: angeangalia mwaka wa nne peke yake, mtu angesema mradi umeshinda kabisa. Angeangalia wa tisa peke yake, angesema pesa ilipotea. Ukweli ni kwamba waliopewa walitangulia wenzao kwa miaka kadhaa, na miaka hiyo si kitu kidogo kwa mwenye watoto wa kulisha. Hilo lilijulikana ju watu walirudi kuuliza.

Na sisi wa lisansi tusijitoe. Vyuo vyetu navyo vinahesabu waliovaa toga siku ile, basi. Ukimuuliza mwenzako wa zamani, «Uko unafanya nini sasa?», anacheka kwanza kabla ya kujibu.

Hatuna pesa ya watafiti wa Uganda, lakini kaye moja hatukosi. Ninaomba chama chetu kifungue kaye hiyo hapa Nundu: jina, ulichosoma, mwaka uliomaliza, kazi unayofanya. Kila mwaka tuulizane upya, pamoja na waliogeuka madereva wa moto na waliorudi kwenye mihogo ya wazazi. Wala tusifiche waliokosa, sababu wao njo kipande chetu cha shahidi. Mradi mwingine ukifika kutafuta vijana wa kufundisha, tutakuwa na maswali ya kuuliza kabla ya kuandikisha majina: ufundi huo tayari una watu wangapi huku? Vyombo vitatoka wapi? Na nyinyi mtarudi mwaka gani?