Lukuga: mto ambao wageni waliupima na wazee wetu waliuvua



Tangu familia zianze kurudi katika vijiji vya kati ya Kalemie na Nyunzu, ombi moja linasikika kila mkutano: «Mutupatie nyavu, tutajitafutia wenyewe.» Ombi hilo ni la haki. Mto Lukuga uko karibu, samaki wamo, na nyumba nyingi zinakula bukari na sombe tu. Lakini kabla hatujaamua pesa ya shirika inunue nini, tumeona vizuri tueleze historia ya mto huu. Lukuga siyo ziwa, na nyavu za ziwani haziuwezi.

Mlango unaofungwa na kufunguka

Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu: Lukuga. Unaanzia Kalemie, unakwenda magharibi karibu kilomita 320, halafu unaingia Lualaba kaskazini ya Kabalo. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji ya ziwa inakauka kwa jua, haipiti hapa. Ndiyo maana mvua ikipungua kwa miaka mingi mto unakosa nguvu. Mchanga na matope vinajaa mlangoni, matete na mafunjo yanaota, mwishowe njia inaziba. Mvua ikirudi, ziwa linapanda mpaka linavunja kizuizi.

Hayo si maneno ya kubahatisha, yalionekana kwa macho. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mlangoni akizunguka ziwa. Wenyeji walimwambia kwamba maji yanakwenda Lualaba. Alijaribu kuingia kwa mtumbwi, lakini baada ya maili chache majani yanayoelea yalimzuia. Mwaka 1876 Stanley alipita naye akakuta bado pamefungwa. Alisema ziwa likiendelea kupanda, siku moja litatoka hapo kwa nguvu. Mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, alikuta mto unakimbia kweli, na Joseph Thomson aliyefika muda mfupi baada yake akathibitisha. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10.

Huko Ulaya watu walibishana sana kama Lukuga unatoka ziwani au unaingia. Waliokaa ukingoni walijua. Tena walijua jambo ambalo wapimaji hawakuliandika: mtu aliyezaliwa wakati mlango umefungwa alijifunza kuvua kwenye bwawa la matete, na alipokuwa mzee alimkuta mjukuu wake anavua kwenye mto wa mbio. Uvuvi wa Lukuga haukuwa desturi moja inayorudiwa kila mwaka. Ulikuwa kazi ya kusoma maji, na maji yenyewe yanabadilika. Mwanzo wa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha ziwa tena. Kuanzia 2020 limepanda tena, na ndugu zetu wa Kalemie, Baraka na Uvira waliona nyumba zao ndani ya maji.

Reli ilipita kando

Wabelgiji walipotaka njia ya kuunganisha Lualaba na ziwa, mto haukuwafaa. Kutoka ziwani hadi Lualaba maji yanashuka karibu mita 200, na katikati kuna mawe na maporomoko ambayo meli haiwezi kupita. Basi walijenga reli ya kilomita 273 kutoka Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, ikamalizika mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya ziwa. Makaa ya mawe yalichimbwa Greinerville, si mbali na mto. Biashara yote ilifuata stesheni.

Ziwani nako uvuvi ulikua. Kuanzia miaka ya 1950 meli zenye nyavu kubwa za kuzungusha ziliingia, Wagiriki wakiwa mbele, na uvuvi wa taa usiku ukaenea. Soko lilizoea ndakala, lumbu na mukebuka. Ndakala anakauka kwa siku moja, anaingia katika gunia, anasafiri kwa treni. Kambale wa Lukuga anahitaji kuni na moshi, na wako waamini ambao kanisa lao linawakataza samaki bila magamba. Hivyo mto ulibaki kwa watu wa kijiji: hakuna kampuni iliyoutamani, hakuna mfanyabiashara aliyeujalia.

Kumbe ugumu huo umehifadhi kitu. Mwaka 2011 wataalamu Sven Kullander na Tyson Roberts walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba samaki waliodhaniwa kuishi katika Ziwa Tanganyika peke yake wanaishi pia katika maporomoko ya Lukuga. Samaki wa ziwa na samaki wa Lualaba wamegawana mto mmoja. Wanaokaa kwenye mawe hawana sehemu nyingine ya kukimbilia mtu akimwaga sumu.

Jinsi mto unavyovuliwa

Kwa nini wavu wa ziwani unashindwa? Ziwani wavuvi wanateremsha wavu katika maji mengi yaliyotulia, wanawasha taa, ndakala wanakusanyika. Kwenye Lukuga maji yanavuta, wavu unakwama katika mawe, na visiwa vya majani vinavyoelea vinaubeba. Mbenga, yule samaki wa meno, anaukata. Mamba na kiboko nao wanataka njia yao. Mtu anaweza kupoteza kwa usiku mmoja wavu ambao familia itaulipa deni kwa miezi.

Wazee wanaoujua mto wanatumia vitu vya bei ndogo na akili nyingi. Cha kwanza ni migono, mitego ya kusukwa kwa fito na kamba za msitu, inayowekwa pale maji yanapobanwa kati ya mawe mawili. Cha pili ni kamba ndefu yenye ndoano nyingi, inafungwa jioni kwenye mti wa ukingoni na kutazamwa alfajiri. Cha tatu ni uzio. Mvua ya kwanza ikinyesha, kambale wanapanda katika majani yaliyofunikwa na maji ili wazae. Maji yakianza kushuka wanarudi mtoni kupitia mifereji midogo, na hapo ndipo uzio unawekwa, mgono ukikaa mlangoni. Ukiweka mapema unazuia mama wasiende kuzaa. Mwaka ujao utakuta mto mtupu. Ukichelewa, wamekwisha pita. Siku ya kuweka haiko katika kalenda, inasomwa kwenye alama ya maji juu ya mawe.

Ndiyo maana mzee mmoja anayejua mfereji wake anapata samaki kuliko vijana watano wenye wavu mpya.

Maarifa yaliyokimbia pamoja na watu

Vita kati ya Waluba na Wabatwa vilivyoanza 2013 na kuwa vikali tena 2016 na 2017 viliondoa mamia ya maelfu ya watu katika vijiji vya Tanganyika. Hatuandiki hapa ili kutafuta nani alianza. Tunaandika kwa sababu mifereji ya samaki ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikimbia. Kijana aliyekimbia na miaka 8 amerudi mtu mzima. Mgono hajausuka hata mara moja. Kambini Kalemie aliona uvuvi wa ziwani, na ndio anaouomba.

Upande mwingine, waliobaki au waliorudi mapema wameshika mifereji iliyokuwa tupu. Mwenyewe akirudi na kudai mfereji wa babu yake, ugomvi mdogo wa samaki unaweza kuamsha ule mkubwa. Tena Waluba na Wabatwa wote wanaujua mto huu, kila mmoja kwa upande wake. Mtu akigawa nyavu kwa upande mmoja tu, upande wa pili utaisoma zawadi hiyo kama neno la vita.

Kuna jambo la tatu. Nchi nne za Ziwa Tanganyika zimekubaliana juu ya kufunga uvuvi ziwani miezi 3 kwa mwaka, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Hiyo ni kipwa, wakati maji yanashuka na samaki wanabanwa katika vidimbwi. Mvuvi wa ziwani asiye na kazi atatazama mto. Akija na chandarua cha mbu au na sumu ya majani, atamaliza kwa wiki moja vifaranga vyote vya kidimbwi kimoja.

Tunachopendekeza

Kwanza, pesa ya msimu huu isinunue nyavu za ziwani kwa vijiji vya mtoni. Inunue ndoano, kamba imara na mapanga ya kukatia fito, na iwape posho ndogo wazee, wanaume kwa wanawake, wa Kiluba na wa Kibatwa, wafundishe vijana kusuka na kusoma maji.

Pili, kabla ya mvua ya kwanza, kila kijiji kiketi pamoja na machifu wa pande zote, mifereji itajwe kwa majina yake, na ijulikane nani anavua wapi na uzio unafungwa siku gani. Yaandikwe, wote watie kidole.

Tatu, maporomoko na vidimbwi vya kipwa vikae bila sumu na bila chandarua, kwa makubaliano ya wanakijiji wenyewe.

Tunajua mfadhili anapenda picha ya wavu mpya, na memba mwenye njaa anapenda kitu cha kushika leo. Lakini mgono uliosukwa kijijini ukivunjika unasukwa tena, na aliyefundishwa kuusuka hatahitaji kutuomba mwaka ujao. Kura ya mapendekezo haya itapigwa katika mkutano mkuu. Kila tawi lije na majina ya wazee wake wanaoujua mto, maana kila msimu wanapungua.