Riwaya ya Kitereza na Hesabu za Hakimiliki Ndani na Nje ya Tanzania

Aniceti Kitereza, mwandishi wa kisiwa cha Ukerewe mkoani Mwanza, alikamilisha mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980. Alifariki dunia mwaka 1981, kabla ya nakala zilizochapwa kumfikia. Mwaka huo wa kifo, wala si ule wa kuandika au wa kuchapisha, ndio unaoanzisha hesabu ya miaka ya hakimiliki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi ya fasihi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Uganda ya mwaka 2006 zimeweka muda huo huo. Hivyo, mchapishaji wa Mwanza, Kisumu au Kampala atahesabu hadi mwisho wa mwaka 2031. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano.

Ujerumani hulinda kwa miaka 70, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unaruhusu nchi kutoipa kazi ya kigeni muda unaozidi ule wa nchi ilikotoka. Umoja wa Ulaya hufuata kanuni hiyo, hivyo ulinzi wa riwaya hii utakoma huko pia mwaka 2031. Marekani haiifuati, kwa miaka yake 70, hesabu inafika 2051. Atakayeiweka mtandaoni mwaka 2032 akiwa Nansio hatakuwa na kosa nyumbani, lakini msomaji wa New York anayeinakili aweza kuwa nalo.

Tafsiri zina hesabu zake. Ile ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig, ya mwaka 1991, na ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, ya mwaka 2002, zinafuata uhai wa wafasiri hao.

Kwa sasa, ruhusa ya kuchapa upya hutolewa na warithi au aliyehamishiwa haki kwa mkataba. Asiyejua pa kuanzia aulize Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Usajili si sharti la kulindwa, ingawa cheti chake husaidia sana panapozuka mgogoro.