Njia Ndefu ya Safari

Yasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, washindane motokaa katika uwanja wa mviringo wa Langa Langa. Vincent akakataa. Kuzunguka mahali pamoja kulimchosha; afadhali waondoke, wapite katika nchi mbaya kabisa, na atakayetangulia kufika ndiye mshindi. Kutokana na wazo hilo yalizaliwa mashindano ya Safari, yaliyofanywa kwanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika.

Wapangaji wake hawakujenga njia. Waliunganisha barabara zilizokuwapo, zile zile zilizopitiwa na mabasi na magari ya wakulima. Baadaye mashindano yakawekwa wakati wa Pasaka, na mvua ya masika ikawa mpangaji wa pili, tena mkali kuliko wa kwanza. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza 7. Mwaka 1968, kati ya 93, zikamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404.

Siku hizi njia huchorwa pia kwa kompyuta. Kenya ilikuwamo katika mchezo wa Colin McRae Rally 2.0 wa mwaka 2000. McRae mwenyewe aliishinda Safari ya kweli mwaka 1997, 1999 na 2002. Fundi wa mchezo aweza kuchora vumbi, mashimo, hata punda milia. Lakini ni nani atakayeketi mbele ya kioo siku tatu, usiku na mchana? Basi njia hukatwa vipande vya dakika chache, na hapo, kwa maoni yangu, hupotea kiini chake. Katika Safari ya zamani, pigo ambalo springi ililipata shimoni usiku wa kwanza huenda likadai malipo yake siku ya tatu, mbali na fundi yeyote.